Konyeza, Matumbawe na Kumbukumbu ya Mwili

Mazungumzo ya redio kutoka Niboye, Kigali

 

Leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa baidi kabisa na sisi watu wa milimani, nalo ni namna mwili wa mwanadamu unavyoipokea sumu ya konyeza na majeraha ya matumbawe. Konyeza ni yule mnyama wa baharini asiye na mfupa wala gamba, mwenye mwili wa utelezi upenyao nuru, na nyuzi ndefu zining'iniazo chini yake. Na matumbawe ni yale mawe yaliyo hai, yajengwayo chini ya maji na wanyama wadogo sana walio jamaa wa konyeza, mawe ambayo watu wa Kilwa, wa Lamu na wa Unguja waliyatumia tangu zama za kale kujengea nyumba zao na misikiti yao.

Yamkini yuko msikilizaji ajiulizaye hivi sasa: bahari iko wapi hapa Niboye? Toka hapa mpaka Dar es Salaam kwa barabara si karibu kilomita 1,500? Ya nini basi kutusumbua kwa habari za wanyama ambao wengi wetu hatutawaona?

Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ni hili. Watu wetu huenda pwani, tena kwa wingi. Madereva wa malori huvuka mpaka wa Rusumo kila siku kufuata shehena bandarini Dar es Salaam, na wengine hupita Gatuna au Kagitumba waelekeapo Mombasa. Wafanyabiashara huenda kutoa mizigo yao. Maharusi huenda Unguja kwa fungate. Wanakwaya na wanafunzi husafiri kwa mabasi. Na nani miongoni mwao, akiisha kufika, asiyetamani walau kutia miguu katika maji ya chumvi? Basi mtu huingia majini, akachomwa, akaumia, akapoa, kisha akapanda gari akarejea kwao. Siku ya kumi au ya kumi na mbili, pale pale palipochomwa panaanza tena kuwasha na kutoka malengelenge, naye yuko Niboye, mbele ya mganga ambaye yamkini hajapata kumtibu mtu aliyechomwa na konyeza. Hapo ndipo bahari inapoingia mtaani kwetu, na hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Neno langu la leo ni moja, nami nitalirudia ili lisipotee: mwili una kumbukumbu. Mwili uliokutana na sumu ya bahari mara moja waweza kuijibu baadaye, kwa wakati wake na kwa namna yake, na jibu la mara ya pili si lazima lifanane na la mara ya kwanza. Basi mwenye mwili naye akumbuke, na akumbukapo amweleze tabibu.

Tuanze na mchomaji mwenyewe. Konyeza hana meno wala mwiba uonekanao kwa jicho. Silaha yake imo katika ngozi ya nyuzi zake, ambamo mna vifuko maelfu kwa maelfu, vidogo mno hata havionekani pasi na darubini, na ndani ya kila kifuko umezongwa uzi wenye ncha kali, uliozamishwa katika sumu. Kinapoguswa, kifuko hufunguka, na uzi ule hufyatuka ukapenya ngozi ya aliyegusa. Wataalamu wa Ujerumani walipopima mfyatuko huo kwa kamera ya kasi mwaka 2006, wakimtumia mnyama mdogo wa maji baridi aliye wa jamaa hiyo, waliona kwamba uzi hutoka kwa muda usiotimia sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa hiyo hakuna mtu awezaye kuuwahi mkono wake. Na angalieni sana jambo hili: vifuko hivyo havimngojei konyeza awe hai. Konyeza aliyetupwa ufukweni na mawimbi, akalala mchangani pasi na uhai, bado aweza kumchoma mtoto amchezeaye. Na kipande cha uzi kilichokatika, kikaelea peke yake majini, bado kina silaha zake.

Sasa, je, maumivu yale ya papo hapo ndiyo mzio? Hasha. Maumivu yale, ule moto na ile michirizi myekundu iliyochorwa juu ya ngozi kwa kufuata njia uliyopita uzi, ni kazi ya sumu yenyewe, nayo humpata kila achomwaye, awe ni mvuvi wa Pemba au mgeni kutoka Kigali. Mzio ni jambo jingine. Mzio si kazi ya sumu, bali ni kazi ya mwili wetu wenyewe unapoinuka kuikabili sumu kwa ghadhabu ipitayo kiasi.

Nataka tulielewe jambo hili vizuri, basi niruhusuni nitumie mfano wa hapa nyumbani. Sote twaijua irondo, walinzi wa zamu wanaotembea usiku katika mitaa yetu. Mgeni asiyejulikana apitapo usiku wa kwanza, walinzi humtazama, wakaishika sura yake, wakaambiana habari zake, na pengine asijue hata yeye kwamba ametazamwa. Apitapo mara ya pili hutambulikana mara moja, filimbi ikapigwa, na watu wakatoka. Kinga ya mwili nayo hufanya hivyo hivyo: katika mkutano wa kwanza hujifunza sura ya adui na kutengeneza kingamwili, yaani askari maalumu wa kumtambua; katika mkutano wa pili askari hao wamekwisha kuwako, nao hupiga filimbi. Jambo hilo ni neema kubwa, na ndilo lililo ndani ya kila chanjo tuwapayo watoto wetu. Lakini fikirini, ndugu zangu, ingekuwaje kama filimbi ingepigwa kwa mgeni mnyonge, na mtaa mzima ukatoka kwa marungu gizani, ukavunja milango na kujeruhi majirani? Madhara yote yale yangetoka kwa walinzi, si kwa mgeni. Huo ndio mzio.

Na hapa nataka kuwasimulia habari ambayo wengi hawaijui, nayo ni kwamba elimu hii ya mzio mkali ilizaliwa kwa sababu ya wanyama hawa hawa wa baharini. Mwaka 1901 Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa elimu ya bahari, aliwachukua katika jahazi lake wataalamu wawili wa Kifaransa, Charles Richet na Paul Portier, akawashauri wachunguze sumu ya yule kiumbe wa rangi ya buluu aeleaye juu ya maji kwa kibofu chake, jamaa ya konyeza, ambaye mabaharia wa Kizungu humwita jahazi la Mreno. Waliporejea Ufaransa, wasimpate kiumbe huyo katika maji ya kwao, waliendelea na uchunguzi kwa sumu ya mnyama mwingine wa jamaa hiyo, akaaye juu ya miamba na kufumbua mikono yake katika umbo la ua. Mojawapo ya makusudio yao lilikuwa jema: kujua kama mbwa aliyepewa sumu kidogo ataizoea, asidhurike nayo tena.

Basi alikuwako mbwa mmoja, jina lake Neptune, mkubwa, mwenye nguvu na afya kamili. Akapewa kiasi kidogo cha sumu, wala asiugue. Siku 22 zikapita, naye akali mzima. Akapewa tena kiasi kile kile, ambacho mara ya kwanza hakikumdhuru kitu. Kwa sekunde chache tu pumzi zikamwia nzito, akashindwa kusimama, akalala ubavu, akatapika damu, na baada ya dakika 25 akafa. Watu wale walitazamia kumwona mbwa aliyekingwa, wakamwona mbwa aliyeangamizwa na kinga yake mwenyewe. Habari hiyo waliifikisha mbele ya jamii ya wanabiolojia mjini Paris mwezi wa Februari mwaka 1902, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Hata leo, tabibu ampaye adrenalini mtu aliyeumwa na nyuki, au aliyekula karanga zisizopatana na mwili wake, anatumia elimu iliyoanza kwa jamaa za konyeza.

Je, mwaona funzo lililomo? Wepesi wa mara ya kwanza si dhamana ya mara ya pili. Mtu asemaye, "Mimi nilichomwa mwaka jana Mombasa, wala sikuona kitu," amesema kweli kuhusu mwaka jana, lakini hajasema neno lolote kuhusu mwaka huu. Sisemi hivi ili kuwatia hofu, maana aghalabu mtu achomwapo tena huumia tu na kupona, na mshtuko mkubwa wa mzio kwa sababu ya konyeza ni jambo nadra. Nasema ili mjue kwamba unaweza kutokea, na kwamba utokeapo hautoi muda wa kufanya mashauri.

Mwili, basi, hujibu kwa njia tatu, nami naomba mzishike zote tatu. Jibu la kwanza ni la sumu: maumivu, wekundu na michirizi, navyo huja papo hapo, tena hukaa pale pale palipochomwa. Jibu la pili ni la mzio wa haraka: huja kwa dakika chache, wala halikai mahali pamoja: mabaka huvimba mwili mzima hata mahali pasipoguswa, midomo na macho hufura, sauti hukauka, kifua hubana, tumbo husokota, kichwa huzunguka. Jibu la tatu ni la kuchelewa: maumivu yamekwisha kupoa, safari imekwisha, na mtu amerudi kazini, kisha baada ya siku kadhaa au hata majuma mawili ngozi huamka tena pale pale, ikawasha, ikavimba na kutoa vipele au malengelenge, pasipo mtu huyo kugusa bahari tena. Wako ambao ngozi yao hurudia mara mbili au tatu, mnamo majuma na hata miezi, ikachora upya ile michirizi ya siku ya kwanza. Tabibu Joseph Burnett wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliyetumia miaka mingi ya maisha yake katika kuchunguza michomo ya konyeza, aliyaeleza majibu haya ya kurudia. Na katika damu ya watu waliochomwa zilionekana kingamwili za sumu ile ile. Hiyo ndiyo kumbukumbu niliyoitaja.

Tena kumbukumbu hii hufanya mambo ya ajabu. Huko Japani kiko chakula kiitwacho natto, soya zilizochachushwa, ambacho watu hukila asubuhi kwa wali. Matabibu wa Yokohama waliwachunguza watu waliopatwa na mzio mkali wa chakula hicho, wakaona kwamba wengi wao walikuwa watu wa michezo ya baharini, watelezao juu ya mawimbi. Sababu ni nini? Ni kwamba natto ina kitu fulani cha utelezi ambacho konyeza naye anacho katika silaha zake. Mwili uliokifahamu kitu kile baharini ulikipigia filimbi mezani, tena saa nyingi baada ya mlo, pengine hata nusu siku, kiasi kwamba mgonjwa hakuweza kudhani kuwa ni chakula cha asubuhi kilichomdhuru, seuze kumkumbuka konyeza.

Sasa natugeukie matumbawe. Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Yako yale yaliyo magumu, yenye rangi ya haradali au ya kahawia, yenye ncha nyeupe, ambayo kila ayagusaye huhisi moto. Waogeleaji huyaita matumbawe ya moto, na kwa elimu si matumbawe ya kweli bali ni jamaa ya konyeza walio karibu zaidi, nayo hupatikana katika miamba ya Unguja, ya Mafia na ya pwani ya Kenya. Haya huchoma kwa vifuko vile vile, na jibu lake la kuchelewa hufanana na lile la konyeza: ngozi huweza kupoa, kisha baada ya siku au majuma ikatoka vipele vigumu viwashavyo, na vikiisha kuondoka vikaacha doa jeusi la muda mrefu. Ama matumbawe ya kweli, madhara yake makubwa ni kukata. Mtu hujikwaa maji yakupwapo, akapata mkwaruzo mdogo juu ya kifundo cha mguu, akaudharau. Lakini ndani ya mkwaruzo ule huingia chembe za chokaa, vipande vya mnyama mwenyewe, na vijidudu vya baharini. Mwili huvikuta, huviona kuwa vigeni, hupigana navyo, na kidonda kikakawia majuma mengi pasipo kufunga. Na pengine kinga, isipoweza kukitoa kipande kilichozama, hukizungushia nyama ngumu, ikabaki kinundu chini ya ngozi. Mwone mtu wa Niboye mwenye kidonda cha mguu kisichopona, ambaye amekwisha kubadilisha dawa za kupaka tatu au nne: nani atakayemwuliza kama alitembea juu ya mwamba wa Nungwi, kule Unguja? Hataulizwa, illa aseme mwenyewe.

Tukizungumza habari za wageni wa siku tatu, haifai tuwasahau wenyeji ambao bahari ndiyo shamba lao. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, ukulima wa mwani kwa ajili ya kuuza nje ulianza miaka ya mwisho ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakupwapo mama hushuka, nguo imefungwa kiunoni, akatembea mpaka kwenye vigingi na kamba zake, akasimama saa nyingi majini, jua juu yake na chumvi machoni mwake, akifunga miche na kuvuna, mikono yote miwili chini ya maji yale ambamo viumbe wachomao hawaonekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ambao miongoni mwa wataalamu wake walikuwamo Bibi Narriman Jiddawi na Bibi Flower Msuya wa Zanzibar, uliwauliza kina mama hao juu ya afya zao, nao wakataja uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, taabu ya macho na ya pumzi, mizio, na majeraha ya wanyama wa baharini na ya magamba makali. Kwao kuchomwa si ajali ya likizo, bali ni sehemu ya ujira. Atembeleaye pwani na kuisifu mandhari ya kamba zile na wake wale, na ajue kwamba viatu vya majini na glavu za mpira ni haki ya mfanyakazi, wala si anasa, na kwamba mwili ukutanao na sumu mara kwa mara ndio wenye nafasi nyingi zaidi za kujifunza mzio.

Je, na maziwa yetu? Hili nimeulizwa mara nyingi, basi nalijibu. Ziwa Tanganyika lina konyeza wake wa maji baridi. Msafiri Mjerumani Richard Böhm aliwaona mwaka 1883, na kwa ajili yao Mwingereza Moore alikuja mwaka 1896 akidhani kwamba ziwa lile lilikuwa zamani sehemu ya bahari, dhana ambayo wataalamu waliokuja nyuma yake waliikataa. Konyeza hao ni wadogo, upana wao ni sentimita mbili hivi, wala hawamdhuru mtu. Aogaye Rumonge au Kigoma asiwaogope. Lakini katika maji baridi, yakiwamo ya Muhazi na ya Kivu, uko ugonjwa mwingine ambao nao ni kisa cha kinga ya mwili, nao ni kichocho. Kijidudu chake hupenya ngozi ya mtu aliye majini, na mwasho utokao muda mfupi baadaye ni jibu la mwili. Kisha, kwa mtu ambaye hajapata kukutana nacho, yaweza kuja homa, kikohozi na mabaka baada ya majuma kadhaa, wakati ambapo matembezi ya ziwani yamekwisha kusahauliwa. Waona? Ni somo lile lile: maji leo, jibu baadaye.

Sasa nasaha. Nitasema polepole, na mwenye kalamu na aandike.

Uchomwapo na konyeza, toka majini kwa utulivu. Usijisugue kwa mchanga wala kwa taulo, kwa maana kila msuguo hufyatua vifuko ambavyo bado havijafyatuka. Usijimwagie maji baridi ya bomba, wala spiriti, wala mkojo, ingawa wako watakaokushauri hivyo kwa nia njema. Suuza kwa maji ya bahari yale yale. Ziondoe nyuzi kwa koleo dogo au kwa kijiti, wala si kwa vidole vitupu. Kisha, ili kutuliza maumivu, tia mahali pale katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yapata nyuzi 45, kwa dakika 20, na kwanza mtu ambaye hakuchomwa ayajaribu kwa mkono wake, usije ukapona mchomo ukapata kuungua. Siki huwafaa wale waliochomwa na konyeza wa umbo la sanduku, kwa kuwa hukizuia kifuko kisifyatuke, lakini haiwi dawa ya kila aina. Basi waulize wenyeji, kwa maana wavuvi huwajua wageni wa maji yao.

Uchanikapo kwa matumbawe, osha kwa maji safi mengi na sabuni, hima, usingoje kufika hotelini. Toa kila chembe uionayo. Na ukumbuke ni lini ulichanjwa mara ya mwisho chanjo ya pepopunda. Na lililo bora kuliko yote, vaa viatu vya majini, usisimame juu ya matumbawe, usiyashike. Utajikinga wewe, na utayakinga yenyewe, kwa kuwa mguu mmoja waweza kuvunja kwa dakika kile kilichojengwa kwa miaka mingi.

Ama zile dalili za hatari, nazirudia. Midomo au ulimi kufura. Sauti kubadilika. Pumzi kubana. Mabaka kutokea mbali na pale palipochomwa. Kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Uzionapo, usitafute kidonge cha mzio dukani ukangoja kitende kazi, maana kidonge hicho hutuliza mwasho, lakini hakifungui njia ya pumzi wala hakipandishi damu iliyoshuka. Dawa ni adrenalini, nayo hupigwa sindano katika msuli wa paja. Mlaze mgonjwa, uinue miguu yake. Akiwa anashindwa kupumua, mwache akae kitako. Wala usimsimamishe atembee. Mpelekeni hospitali kwa njia iliyo ya haraka, na akipata nafuu asikimbilie kuondoka, kwa kuwa mshtuko huu waweza kurudi mara ya pili baada ya saa kadhaa. Na kwa kuwa mshtuko wa namna hii huweza kuletwa vile vile na nyuki, na dawa, na chakula, maarifa haya yatawafaa hata wale ambao hawatavuka kamwe mpaka wa Rusumo. Hapa Rwanda nambari ya gari la wagonjwa ni 912. Narudia: 912.

Na sasa neno la mwisho, ambalo ndilo nililolijia. Ukiisha kurudi nyumbani, na ngozi ikaamka tena, au kidonda kikakataa kufunga, nenda kituo cha afya, na kabla hujaonyesha mguu wako sema maneno haya: nilikuwa pwani, tarehe fulani, niliingia majini, nikachomwa au nikajikata. Kama ulipiga picha ya alama siku ya kwanza, ionyeshe. Kama uliwahi kupatwa na mshtuko, jambo hilo na liandikwe katika daftari lako la matibabu, na jamaa zako walijue, na safari ijayo usiondoke bila kumwona tabibu. Kwa vipele vya kuchelewa ziko dawa za kupaka zitulizazo kinga, ambazo tabibu akijua chanzo atakuandikia. Asipojua, yamkini utatibiwa upele wa ukungu au kuumwa na wadudu, na fedha zitakwenda bure na mwasho utabaki. Mganga wetu hana kosa kwa kutoijua bahari. Kosa litakuwa letu tulioiona, tukanyamaza.

Basi, wasikilizaji wapenzi, tumesema nini leo? Tumesema kwamba maumivu ya papo hapo ni ya sumu, na mzio ni wa mwili wenyewe. Tumesema kwamba wepesi wa mara ya kwanza si dhamana ya mara ya pili. Tumesema kwamba jibu laweza kuchelewa, likamkuta mtu nyumbani kwake, mbali na bahari. Na tumesema kwamba mwili ukumbukapo, mwenye mwili asinyamaze. Mkiwa na ndugu au jirani ajiandaaye kwenda Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, mwambieni haya kabla hajafunga mzigo wake, na arudipo mwulizeni habari za bandari na za biashara, kisha mwulizeni pia kama alichomwa.